Siku Mwanangu Aliposema Hatupandi

Mtoto akishaanza kubalehe, maneno yake nyumbani hupungua. Shikamoo inabaki, kwa sababu hapa kwetu hiyo haina mjadala, lakini baada ya shikamoo ni "safi", "poa", "kawaida". Unamuuliza mtihani ulikuwaje, anakujibu "freshi" huku macho yake yakiwa kwenye simu ya baba yake, aliyoiazima kwa dakika tano zisizoisha. Nina watoto watatu, na wazazi wenzangu wa jumuiya yetu hapa Ilemela, Mwanza, wameniuliza mara nyingi inakuwaje wanangu wanaongea na sisi, tena wanaongea mambo mazito. Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimeamua kuliandika. Linahusu mkoba.

Mkoba wenyewe ni wa turubai. Mume wangu ni fundi umeme, na zamani alibebea humo koleo, bisibisi na tepu. Ana msimamo mmoja kuhusu vijana anaowafundisha kazi: kijana humjui mpaka umwachie kazi uondoke. Kifungua mimba wetu alipoanza kidato cha kwanza, baba yake aliufua mkoba ule, akaushona mahali palipoachia, akauweka mezani wakati wa chakula. Akasema kuanzia likizo hiyo safari ya familia itakuwa na kiongozi, na kiongozi ni mwenye mkoba. Ndani kuna daftari, kalamu, pesa yote ya safari na karatasi yenye namba za simu za ndugu. Mwenye mkoba anapanga tuende wapi kwa pesa iliyopo, tupande nini, tuondoke saa ngapi, tule nini. Wazazi tunatoa ushauri tukiombwa. Neno la mwisho ni lake.

Hilo la neno la mwisho lilinikosesha usingizi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea mimi ndiye ninayeshika chaki. Usiku nilimwambia mume wangu kwamba mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuongoza watu wazima. Akanijibu kwamba tukisubiri aweze ndipo tumwachie, hatutamwachia kamwe, maana kuweza kunakuja baada ya kuachiwa. Nikakubali, kwa sharti langu moja kuhusu ziwa, ambalo nitalieleza.

Safari za mwanzo zilikuwa fupi, za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ninayoikumbuka zaidi ni ya binti yetu, wa pili, zamu yake ya kwanza. Alichagua Kisiwa cha Saanane. Watu wengi wa Mwanza wanakiona kila siku wakiwa kwenye daladala na hawajawahi kukanyaga, ingawa boti kutoka Capri Point inachukua dakika chache tu. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, na jina lake ni la mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla ya serikali kukichukua. Binti aliyajua hayo yote kabla hatujafika, kwa sababu alikuwa ameyaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake mdogo wa kubanana. Alituamsha alfajiri. Nilipomuuliza haraka ya nini, alisema saa sita mchana mawe yale yanaunguza na pimbi wote wanajificha, kwa hiyo tukichelewa tutalipa kiingilio tukaangalie mawe. Soda alizifuta kwenye bajeti, akabeba maji na maandazi.

Tulikaa juu ya jabali moja kubwa tukitazama jiji, mijusi yenye vichwa vyekundu ikipita karibu na miguu yetu, swala pala wakilisha chini. Hapo ndipo mtoto ambaye nyumbani nilikuwa nikimvuta maneno kwa shida alianza kuongea mwenyewe. Aliongea kuhusu rafiki yake aliyeacha shule. Aliongea kuhusu mwili wake, mambo ambayo shangazi yake alikuwa ameshamweleza na mengine ambayo alitaka ayasikie kwangu. Yaliyosemwa pale ni yake, siyaandiki. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuwa akinitazama, na mimi sikuwa nikimtazama, wote tulikuwa tukiangalia mitumbwi inavyoingia Kirumba. Tangu siku hiyo nikitaka kuongea na mtoto jambo gumu simwiti sebuleni akae mbele yangu. Nampa kitu tufanye pamoja, au tunatembea.

Sasa lile sharti langu. Nilisema hakuna atakayebeba mkoba kwenda safari ya maji kabla hajajua kuogelea. Wazazi wa kando ya ziwa tunajidanganya kwamba watoto wetu wanajua maji kwa kuwa wamezaliwa wakiyaona. Wengi hawajui. Wavulana wa mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofikia, wanajifunza wenyewe kwa hatari, wa mjini kama wetu hawajifunzi kabisa, na wasichana ndio wanaachwa nyuma kuliko wote. Kufundishia ufukweni sikutaka, kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya pembeni, penye magugu na matete, vikapenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji. Dawa ipo, na shuleni kwetu tunawagawia watoto, lakini mtoto akirudi kwenye maji yale yale anakipata tena. Basi tulilipia bwawa la hoteli moja Jumamosi kwa Jumamosi, na bwana mmoja mvumilivu akawafundisha wote watatu, baba yao akiwa wa nne. Gharama ilituuma. Mwaka ule hatukununua kochi tulilokuwa tumepanga, na sijalijutia.

Safari kubwa ilikuwa Desemba 2024. Mkubwa alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, ana miaka 17, binti amemaliza upimaji wa kidato cha pili, mdogo yuko darasa la sita. Zamu ilikuwa ya mkubwa, naye akachagua Ukerewe kwa baba yangu. Nilifurahi, lakini kilichonishangaza ni namna alivyochagua tarehe. Alimpigia babu yake simu kumuuliza giza litakuwa lini. Wavuvi wa dagaa hufuata mwezi: usiku wa giza wanaingia ziwani na taa, dagaa wanafuata mwanga, wanawavua, mbalamwezi ikishakuwa kali wanapumzika na kurekebisha nyavu. Yeye alitaka kuona taa. Kwa hiyo tuliondoka baada ya Krismasi, giza likiwa limekaribia, na kwenye daftari aliandika nauli ya daladala mpaka bandarini, nauli ya meli, sukari na sabuni ya babu, chumvi, pesa ya kula njiani, na mstari wa mwisho aliupigia mstari chini mara mbili: dharura.

Meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, inakwenda zaidi ya saa tatu. Ilipotoka bandarini tukaliacha Jiwe la Bismarck nyuma na majabali ya Capri Point yakaanza kupungua, binti alinisogelea akaniuliza, "Mama, MV Bukoba ilizama upande gani?"

Watoto wetu wote wanalijua jina hilo. Wanapita Igoma wanaona makaburi na mnara. Lakini nilikuwa sijawahi kuwasimulia habari yetu wenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa na umri kama wa binti yangu. Meli ilikuwa inatoka Bukoba kuja Mwanza, asubuhi, imebakiza mwendo mfupi tu ifike. Humo alikuwamo shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akifanya biashara ya ndizi. Baba wakati huo alikuwa akifanya kazi mjini. Kila siku alikwenda bandarini asubuhi, akarudi jioni, akanawa miguu, akakaa. Mama aliacha kumuuliza. Nchi nzima ilikuwa kwenye maombolezo, redio inapiga nyimbo za huzuni, na sisi watoto tulicheza bila kupiga kelele. Shangazi hakupatikana.

Nilimaliza kusimulia nikidhani ni binti peke yake anayenisikiliza. Kumbe kaka yake alikuwa amesimama nyuma yetu, mkoba begani.

"Ilikuwa imejaza?" akauliza.

"Ilijaza."

"Na watu walijua kwamba imejaza?"

Nikamwambia wako waliojua. Ukishaona watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, unajua. Lakini kila mmoja alikuwa na safari yake. Hakuuliza tena. Alikwenda mbele ya meli akakaa huko mpaka tulipoanza kuona Nansio.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, mtoto wa mjini akifika hahisi kama yuko kisiwani mpaka apande kilima. Kwa babu kuna mihogo, michungwa, mbuzi wachache, na chini kidogo mwalo ambako mama mdogo wangu anaanika dagaa. Usiku wa kwanza wanangu waliziona taa zao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa zenye kuvuma, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola, lakini ukizitazama kutoka nchi kavu ni zile zile, zimepangana juu ya maji mpaka huwezi kujua ziwa linaishia wapi. Mkubwa alikaa nje na babu yake mpaka usiku wa manane. Sikuingilia.

Binti naye alipata kazi ambayo hakuitegemea. Mama mdogo aliamka alfajiri kupokea dagaa, akamwambia mjukuu wake, "Njoo unisaidie kuanika, huko shuleni hawakufundishi." Wakaenda. Dagaa wa mama mdogo hawaanikwi mchangani kama wa wengine. Yeye ana vichanja vya miti vilivyotandikwa nyavu, kwa sababu dagaa wasio na mchanga hupata bei nzuri. Binti alijifunza kuwatandaza wakiwa wembamba wasilaliane, kuwageuza jua likipanda, kuwakagua kwa kumvunja mmoja: akikatika kwa mlio amekauka, akijikunja bado. Adhuhuri wingu likajikusanya upande wa ziwa. Mvua ya Desemba ikinyeshea dagaa nusu wakavu wanaanza kuoza siku hiyo hiyo, na bei inashuka mpaka ya chakula cha kuku. Nilikuwa nakatia mboga nikasikia wanawake wa mwaloni wanapaza sauti, nikatoka. Binti yangu alikuwa anakimbia na ndoo kichwani, magoti yamejaa magamba, akiwaelekeza watoto wadogo washike turubai kwenye pembe zake. Sauti ile sikuwahi kuisikia. Nyumbani akisoma somo kanisani tunamwomba apaze sauti.

Jioni mnunuzi alipokuja na pikipiki, mama mdogo alimwachia binti apime. Mnunuzi akaanza kuwashindilia dagaa kwenye sado, kopo la kupimia, kwa kiganja ili waingie wengi. Binti akamshika mkono kwa adabu, akamwambia, "Shikamoo baba, naomba tusishindilie, sado ni ya kujaa, siyo ya kubana." Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Pesa aliyopewa binti kama ujira aliiweka mfukoni mwake, siyo kwenye mkoba, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mdogo wetu alikuwa ameisubiri safari moja tu ndani ya safari ile: kwenda kisiwa jirani cha Ukara kuona jiwe la Nyaburebeka, ambalo wenyeji husema hucheza likiimbiwa. Mwenyewe alikuwa amewaahidi wenzake wa darasa la sita kwamba akirudi atawasimulia. Mkubwa aliiweka kwenye ratiba, siku moja kabla ya kurudi. Asubuhi hiyo kivuko hatukukiwahi, tukaambiwa upo mtumbwi wa injini unaoondoka mwalo wa pili. Tukaenda.

Ulikuwa mtumbwi mkubwa wa mbao uliopakwa bluu. Ndani kulikuwa na magunia ya mpunga, kreti za soda, pikipiki moja iliyolazwa, na watu wamekaa juu ya vyote hivyo. Kina mama wenye watoto mgongoni wamekaa kingoni. Maji yalikuwa yamefika juu kiasi kwamba mtoto akinyoosha mkono anayagusa. Mume wangu alikuwa ameshavua viatu, amekunja suruali, mguu mmoja ndani ya maji, anamnyooshea mdogo mkono. Mimi nilikuwa nimeshajifunga khanga vizuri nipande.

Mkubwa alikuwa amesimama mchangani anahesabu vichwa. Nilimwona midomo inavyotembea. Kisha akamsogelea nahodha.

"Samahani baba, majaketi okozi yako wapi?"

Nahodha akaonyesha kwa kidevu. Yalikuwa machache, yamekandamizwa chini ya magunia. "Kijana, panda. Ziwa leo limetulia kama maji ya mtungi."

Kweli lilikuwa limetulia. Nasema hivyo kwa sababu ni haki kusema: hapakuwa na upepo, na mtu yeyote angeweza kupanda. Mwanangu alimshukuru yule mzee, akarudi hatua mbili, akasema, "Baba, hatupandi."

Watu wote wakageuka. Mdogo akaanza, "Kaka, jamani, si tuko karibu!" Abiria mmoja aliyekaa juu ya kreti akamwambia mume wangu, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee, siku hizi mnaongozwa na watoto?"

Nimeolewa na mwanaume yule miaka mingi, najua uso wake anapoaibishwa mbele za watu. Alikaa na mguu wake ndani ya maji muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Alimtazama mwanawe, akautazama mkoba. Kisha akautoa mguu, akaupangusa kwa mkono, akavaa kiatu. Akamjibu yule abiria kwa upole, "Mwenye mkoba amesema." Hakuongeza neno.

Mtumbwi uliondoka, na ulifika salama. Tulisikia jioni. Mdogo alilia njia nzima kurudi, akasema kaka yake ni mwoga, akasema mkoba apewe mtu mwingine. Mkubwa hakumjibu. Alitembea mbele yetu, mabega yameinuka, na nilijua kwamba kama baba yake angesema neno moja tu la kulalamika pale njiani, kijana yule asingefanya tena uamuzi wake mwenyewe mbele yetu. Mume wangu aliongea habari za mihogo ya watu tuliyopita.

Baba yangu alikuwa amekaa chini ya mchungwa tuliporudi. Alisikiliza habari yote kutoka kwa mdogo, aliyekwenda kumshtakia kaka yake akiwa bado ana machozi. Babu aliuliza swali moja: majaketi yalikuwa wapi. Akaambiwa. Akanyamaza. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, watu wamejaa kuliko uwezo wake, wanatoka mnadani Bugolora. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu 228. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee waliokaa ufukweni siku zile kutambua ndugu na majirani. Hakumweleza mjukuu wake hayo kwa maneno mengi. Chakula kilipoletwa, alimwita jina lake kamili, akamwonyesha kigoda upande wake wa kulia, akamwambia anawe mikono aje ale na wazee. Mpaka siku hiyo mwanangu alikuwa anakula na wadogo zake kwenye mkeka. Alisimama, akanitazama mimi kwanza, nikamtikisia kichwa. Akaenda akakaa. Wakala ugali wa muhogo na sato, wakaongea habari za bei ya nyavu, na hakuna aliyemwambia kitu chochote cha pekee.

Usiku nilimsikia anamuuliza baba yake, "Umekasirika, baba?"

"Nauli yetu iko wapi?"

"Iko mkobani."

"Basi nenda kalale."

Mwezi Oktoba tulikuwa tumemfanyia mahafali. Kulikuwa na keki, joho, mshereheshaji, ndugu wakicheza mbele na noti mkononi, picha zimetundikwa ukutani. Kipaimara chake pia tulikifanyia sherehe. Siyadharau hayo hata kidogo, ndugu wanapokutana mtoto anajua ana watu. Lakini mtu akiniuliza mwanangu alikuwa mkubwa lini, akilini mwangu haiji keki. Namwona amesimama kwenye mchanga ule anahesabu vichwa.

Matokeo yalitoka Januari 2025. Mtandao ulizidiwa, tukaona baada ya masaa, alifaulu vizuri, tukamshukuru Mungu. Miezi ile ya kusubiri kupangiwa shule alikwenda kazini na baba yake, akajifunza kuvuta nyaya.

Juni ilikuwa zamu ya kwanza ya mdogo, naye alikuwa bado hajasahau jiwe lake. Akatupeleka Sengerema kumuaga bibi, mama yake mume wangu, maana kaka yao alikuwa ameshapangiwa kidato cha tano mkoani Tabora. Daraja la JP Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lilikuwa limefunguliwa na Rais Samia tarehe 19 mwezi huo huo. Mdogo aliamuru tushuke kwenye gari Kigongo tuvuke kwa miguu, kilomita tatu juu ya maji. Nilikuwa na mfuko wa mikate na goti langu lina shida yake, lakini mwenye mkoba alikuwa amesema.

Sijutii hatua hata moja. Katikati ya daraja lile, penye nguzo ndefu zenye nyaya, nilisimama nikatazama chini mahali ambapo kivuko kilikuwa kinapita. Mtoto huyu huyu nilimnyonyesha kwenye foleni ya pale, jua linawaka, tunasubiri zamu, tunakula mahindi ya kuchemsha, na siku mbaya ulikuwa unaweza kukaa saa mbili au zaidi kabla hujavuka. Niliona magari ya wagonjwa yakisubiri kivuko kirudi. Nikamwonyesha mdogo, nikamwambia hapo chini ndipo ulipoota jino la kwanza, tukiwa tunangoja. Akacheka, kisha akaniuliza wale waliokuwa wakiuza mahindi na samaki kwenye foleni wamekwenda wapi. Sikuwa na jibu. Kaka yake akasema labda wengine wamehamia stendi. Wakabishana hilo mpaka Busisi, wote watatu, na mimi na baba yao tukabaki nyuma kidogo tukiwasikiliza.

Bibi aliwapokea kwa Kisukuma na wao wakajibu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa sababu bila hivyo hupewi kiti. Alimfungia mjukuu wake matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa vya kwenda navyo shule, akamtemea mate ya baraka kifuani.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza stendi ya Nyegezi na tranka, godoro, ndoo, jembe na fyekeo, kama fomu ya kujiunga ilivyotaka. Mimi nililia, yeye hakulia, binti alijifanya anasoma vibao vya mabasi. Kabla hajapanda alivua mkoba begani akampa mdogo wake wa kike. Akamwambia kwenye daftari kuna ukurasa ameandika mambo ya kuuliza kabla hujapanda chombo chochote cha majini. Nimeusoma ukurasa huo. Swali la kwanza ni majaketi yako wapi, la pili ni nani mwingine anashuka.

Binti sasa ana mpango wa Serengeti kupitia lango la Ndabaka, kwenye barabara ya Musoma. Amegundua kwamba nyumbu huwa upande huo wa magharibi kuelekea katikati ya mwaka, Desemba wanakuwa wameshuka kusini, kwa hiyo anataka Desemba hii tusiende popote, pesa iwekwe, twende Juni kaka yake akiwa likizo. Mdogo hakubali, anasema Desemba bila safari siyo Desemba, na kwamba bado anadaiwa jiwe la Nyaburebeka. Jumapili iliyopita kaka yao alipopiga kwa simu ya patroni, dakika zake zote ziliishia kwenye ubishi huo, mimi nikapata salamu tu. Baba yao ameshaambiwa asichukue kazi yoyote ya kuvuta nyaya mwezi Juni.